Kila Kitu na Mwendo Wake

Mitetemo nilianza kuifundisha Kibondo kwa jiwe na uzi, kwa sababu maabara yetu haikuwa na cha kuongeza juu ya hivyo. Muhtasari wa somo ulikuwa na mada ya mawimbi, fomula zake chache na mchoro wa mstari unaopanda na kushuka. Mwanafunzi alikariri, akajibu mtihani, akasahau. Baadaye nilihamishiwa Kasulu. Miaka niliyoishi katika wilaya hizo mbili ilinifundisha mada hiyo upya, kwa kuwa nchi ya Waha, iliyokaa juu kando ya Bonde la Ufa, ina mitetemo ya kila namna: ya barabarani, ya hewani, na ile ya ardhi yenyewe. Yote ilinirudisha kwenye jambo moja. Kila kitu kinachotikisika kina mwendo wake wa asili, na anayekisukuma au kukituliza bila kuujua mwendo huo atachoka bure, au atakivunja.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Nilitundika jiwe kwenye kenchi ya darasa kwa uzi wa kama mita moja, nikauliza kabla ya kuliachia: tukitundika jiwe kubwa, kisha dogo, lipi litawahi kurudi? Darasa zima lilisimama na jiwe kubwa. Tukahesabu mabembeo kwa saa ya mkononi, ya kubwa kisha ya dogo, na majibu yakalingana. Nikauliza tena: je, nikilivuta mbali zaidi? Safari hii waligawanyika. Wengine walisema litachelewa kwa kuwa lina njia ndefu, wengine wakasema litawahi kwa kuwa lina kasi. Majibu yakalingana tena. Kilichobadilisha muda kilikuwa urefu wa uzi peke yake. Uzi wa mita moja huchukua sekunde mbili hivi kwenda na kurudi. Ukitaka sekunde moja, kuukata nusu hakutoshi. Unaukata mpaka ibaki robo, yaani sentimita 25.

Waliokuwa upande wa njia ndefu na waliokuwa upande wa kasi wote walikuwa na hoja. Jiwe likivutwa mbali zaidi lina safari ndefu, ni kweli. Lakini kadiri linavyokwenda mbali na katikati, ndivyo kani ya kulirudisha inavyozidi, kwa uwiano uleule. Safari ndefu hupewa haraka kubwa, safari fupi hupewa haraka ndogo, na muda unabaki uleule, mradi bembeo lisiwe pana kupita kiasi. Uzito nao hujifuta wenyewe: jiwe kubwa huvutwa kwa nguvu zaidi, lakini ni gumu zaidi kusogezwa. Huo uwiano wa kani na umbali ndio msingi wa mtetemo sahili. Springi inafuata kanuni hiyo, waya wa gita unaifuata, boriti inaifuata, na hata ghorofa ndefu inaifuata. Kila kimoja kina muda wake wa kwenda na kurudi, uliokwisha kupangwa na umbo lake na mali zake kabla hakijaguswa na mtu.

Galileo alilichunguza jambo hili Italia mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1656 Christiaan Huygens wa Uholanzi alilitumia kubuni saa ya pendulamu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda na saa ya namna hiyo Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akakuta inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Saa haikuwa mbovu. Dunia imevimba kidogo kiunoni, nayo inazunguka, kwa hiyo karibu na ikweta uvutano hupungua kidogo na pendulamu hubembea polepole zaidi.

Habari hiyo niliipeleka darasani nilipokuwa Kasulu. Mji huo uko chini ya nyuzi tano kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukipiga hesabu, uvutano wake ni takriban mita 9.78 kwa sekunde kila sekunde, wakati vitabu vingi huandika 9.81 ya Ulaya au 10 ya kurahisisha mambo. Saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris ingechelewa Kasulu zaidi ya dakika mbili kwa siku. Kwa uzi wetu na saa ya mkononi tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuonekana, lakini wanafunzi waliishika kuliko fomula. Kumbe jiwe linalobembea linapima mahali lilipo.

Huko Kasulu jirani yangu alikuwa fundi mwashi, mtu mzima aliyeheshimiwa mtaa mzima, na alikuwa akijenga nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na uzio wetu. Alipotaka kuhakikisha kona iko wima, alining'iniza timazi kutoka juu, nayo ikayumba kwa kawaida yake. Vijana wake waliikamata kwa vidole, wakaiachia, ikayumba tena. Yeye aliishusha ndani ya ndoo ya maji, na haikuchukua muda ikatulia.

“Mzee, kwa nini usiishike tu kwa mkono?” nilimwuliza.

“Ukiishika umeisukuma, mwalimu. Mkono wa mtu hautulii. Maji hayaisukumi, yanaichosha.”

Sijasoma kitabu kinachoeleza namna ya kutuliza mtetemo kwa ufupi kuliko hivyo. Mtetemo ni nishati inayokwenda na kurudi, nayo haiondoki kwa kuamriwa. Lazima ipewe pa kwenda. Ndani ya ndoo huenda kwenye msukosuko wa maji, mwishowe ikawa joto dogo mno ambalo kidole hakilihisi. Shokapu ya gari hufanya kazi hiyohiyo: mafuta yaliyo ndani hulazimishwa kupita kwenye tundu jembamba, na mruko wa gari hugeuka kuwa joto. Kwenye njia ya Kibondo hadi Kasulu, enzi za vumbi, shokapu haikuwa na mapumziko.

Wageni walidhani tabu ya njia ile ni mashimo. Sisi tulijua kuwa shimo hukwepeka. Kisichokwepeka ni vijimatuta vinavyokatisha barabara kutoka ukingo hadi ukingo, vimepangana kwa nafasi sawa kama migongo ya bati, kilomita baada ya kilomita. Basi likiingia humo vioo vilipiga kelele, skrubu zililegea, mizigo kwenye keria ilihama, na abiria wa viti vya nyuma waliacha mazungumzo kwa kuwa meno yaligongana. Senta bolti za springi zilikatika kiasi kwamba utingo mwenye akili alibeba za akiba.

Kilichonishangaza ni madereva. Mgeni wa njia akikuta vijimatuta hupunguza mwendo. Suka mzoefu alikanyaga mafuta. Nilipata kukaa kiti cha mbele, nikamwuliza mmoja wao sababu. “Ukienda thelathini, mwalimu, gari inakufa,” alinijibu. “Ukienda themanini inaelea.”

Nilikwenda na jibu hilo hadi nyumbani nikalipigia hesabu. Tuseme kati ya kilele na kilele kuna sentimita 80. Kwa kilomita 30 kwa saa, gurudumu hupigwa mara kumi hivi kila sekunde. Gurudumu pamoja na ekseli yake limebanwa kati ya upepo wa tairi kwa chini na springi kwa juu, na kwa hiyo lina mwendo wake wa asili wa kurukaruka. Kwa magari mengi mwendo huo uko palepale, mara kumi hadi kumi na tano kwa sekunde. Kila pigo hulikuta gurudumu likiwa tayari linapanda, likaliongezea. Pigo linalofuata nalo hulikuta vilevile. Mapigo madogo yanajumlishana mpaka gari zima linapiga mayowe. Wanafizikia huiita hali hiyo resonansi. Kwa kilomita 80 kwa saa mapigo hufika karibu mara 28 kwa sekunde, na gurudumu halina wepesi wa kuifuata kasi hiyo. Kabla halijashuka bondeni, kilele kingine kimeshafika. Linakanyaga vilele tu, na abiria wanapumua.

Suka alikuwa amesema kweli, ila kuelea kuna bei yake. Tairi linalogusa vilele peke yake halina breki ya kutosha wala halisikii usukani vizuri. Kwenye mnyooko dereva haoni tofauti. Kwenye kona anaiona, na pengine ameiona kwa kuchelewa. Miaka ile mapori ya njia hiyo yalikuwa na sifa ya majambazi, na mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha, kwa hiyo hakuna aliyetaka kwenda polepole hata kama angeambiwa ni salama zaidi.

Vijimatuta vyenyewe vilitoka wapi? Kila abiria alikuwa na jibu: udongo, mvua, greda, malori ya misaada yanayokwenda kwenye kambi za wakimbizi. Mwaka 1963 mwanafizikia K. B. Mather aliandika katika jarida la Scientific American juu ya majaribio ya gurudumu lililozungushwa kwenye mchanga, akaonyesha kuwa vijimatuta hujitokeza vyenyewe. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio ya aina hiyo katika Physical Review Letters. Gurudumu lao halikuhitaji hata springi. Likizidi kasi fulani, tandiko lililosawazishwa vizuri halibaki sawa, liwe la mchanga au hata la mchele. Kwa magari ya kweli kasi hiyo ni ndogo kuliko ambayo abiria yeyote angeivumilia. Kumbe hakukuwa na mkosaji mmoja wa kumnyooshea kidole. Gurudumu la kwanza lilikuta kijiwe, likaruka kidogo, likatua mbele yake na kuchimba. La pili likakuta kilima na kishimo vimeshaandaliwa, likaruka pale pale, likatua pale pale. Kila gari lililolalamikia vijimatuta lilikuwa likiviongeza kimo.

Ndiyo maana greda lilipopita watu walifurahi kwa muda tu. Lilifuta umbo la tatizo, likaacha sababu yake, ambayo ni magurudumu yenye kasi juu ya changarawe iliyo huru. Haukupita muda mrefu migongo ikaota tena.

Mpaka hapo nimesema habari ya kitu kimoja kinachotikisika mahali pake. Wimbi ni mtetemo uliosafiri, na huo tulijifunza Kibondo kwa masikio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya hiyo ilikuwa na kambi kadhaa za wakimbizi wa Burundi: Kanembwa, Mkugwa, Nduta, Karago na Mtendeli. Warundi walikuja na ngoma zao kubwa za magogo, zile ambazo uchezaji wake UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Ukitazama wapigaji kutoka ng'ambo ya bonde, uliona fimbo zikishuka kimya na mlio ukifika baadaye, wakati fimbo zimeshapanda tena. Sauti hupita hewani mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu za kuchelewa ni kilomita moja ya umbali. Niliwapa wanafunzi kazi ya kupima upana wa bonde kwa njia hiyo, kwa kumtazama mtu anayepasua kuni upande wa pili. Hakuna kifaa cha maabara walichokihitaji zaidi ya macho, masikio na saa.

Hewa ya ng'ambo haikuja kwetu. Kila sehemu ya hewa ilisogea kidogo, ikamsukuma jirani yake, ikarudi mahali pake. Kilichovuka bonde ni msukumo wenyewe. Wazee wa pale walijua pia kwamba ngoma ya jioni hufika mbali kuliko ya mchana, na walisema ni kwa sababu ya utulivu. Utulivu una sehemu yake, lakini kuna jambo jingine. Sauti huenda kwa kasi zaidi kwenye hewa ya joto. Mchana ardhi ya moto huipasha hewa ya chini, kwa hiyo wimbi la sauti hupinda kwenda juu na kuwapita wasikilizaji kichwani. Jua likizama, hasa miezi ya Juni na Julai, baridi hutelemka mabondeni na hewa yenye joto hubaki juu. Wimbi sasa hupinda kurudi chini, na mtu aliye mbali anasikia kana kwamba ngoma imesogezwa.

Fizikia hiyo yote, ya jiwe, ya ndoo, ya gurudumu na ya ngoma, ilikusanyika mahali pamoja tarehe 5 Desemba 2005, siku ya Jumatatu, saa tisa na dakika kama ishirini mchana. Shule ilikuwa imefungwa. Uchaguzi mkuu, uliosogezwa kutoka Oktoba baada ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA, ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe 14 ya mwezi huo, na magari ya kampeni yalikuwa yakipita na spika zao. Kwa hiyo bati la nyumba yangu lilipoanza kutetema, hakuna aliyeshtuka. Mtikisiko ulikuwa mwepesi na wa harakaharaka. Vikombe viligusana kabatini, kisha ukapungua. Palikuwa na muda wa mtu kunyanyuka, kumtafuta mtoto kwa macho na kufika uani. Ndipo ukaja wa pili, mzito, wa kuyumbisha ubavuni. Kuta zilionekana zikienda na kurudi, na kwa jirani mzee fundi alikuwa akiwaita vijana wake washuke jukwaani upesi.

Ardhi ilipotulia, timazi iliyokuwa imening'inizwa kwenye ukuta wake iliendelea kuyumba. Watu walikuwa wakizungumza kwa sauti kubwa, wengine wakisali, na mimi nilijikuta nimesimama naitazama timazi hiyo. Haikuwa imesukumwa na mtu wala upepo. Ukuta ulikuwa umesogea, na timazi, kwa uzito wake, ilikuwa imebaki nyuma. Ndivyo vyombo vya kupima matetemeko vilivyoanza. Mwaka 1889 Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa na pendulamu huko Potsdam, iliyolazwa karibu na mlalo, na chombo chake kikaandika tetemeko lililotokea Japani. Tangu hapo watu walijua kuwa ardhi ikitikisika upande mmoja wa dunia, upande wa pili unaweza kupata habari.

Kitovu cha tetemeko letu kilikuwa chini ya Ziwa Tanganyika, na ukubwa wake ulipimwa 6.8. Kutoka hapo hadi Kasulu ni kilomita 180 hivi. Mwamba ukivunjika hutoa mawimbi ya aina mbili ambayo husafiri ndani ya ardhi. Ya kwanza husukuma mwamba mbele na nyuma, kama sauti inavyofanya hewani, nayo huenda kasi zaidi. Ya pili huyumbisha mwamba ubavu kwa ubavu. Huja yakiwa yamechelewa, lakini ndiyo yenye nguvu ya kuangusha. Yakianza safari pamoja, kila kilomita nane hivi huyatenga kwa sekunde moja. Kasulu tulipata nafasi ya sekunde ishirini na kitu, na huo ndio muda uliotutosha kufika uani. Kibondo, yapata kilomita 300 kutoka kitovuni, nafasi ilikuwa zaidi ya mara moja na nusu ya hiyo, na mwalimu mwenzangu aliyekuwa huko alisema walidhani ni matetemeko mawili tofauti. Watu wa Kalemie, mji wa Kongo ulio kandokando ya ziwa na karibu zaidi na kitovu kuliko sisi, walipata nafasi fupi zaidi. Nyumba ziliwaangukia watu, na wapo waliokufa.

Jioni tukasikia redioni kuwa huko Nairobi wafanyakazi wa maofisini walikuwa wamekimbia kutoka kwenye majengo marefu. Mzee fundi aliniuliza swali ambalo bado naliona ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani: Nairobi ni zaidi ya kilomita 900 kutoka kitovuni, iweje wa ghorofani wakimbie na wa chini wasijue kitu?

Jibu lilikuwa mkononi mwake kila siku. Uzi mrefu huyumba polepole, uzi mfupi huyumba haraka. Jengo nalo, kwa makadirio ya wahandisi, huongeza sehemu ya kumi ya sekunde kwenye muda wake wa kuyumba kwa kila ghorofa. Nyumba ya chini ina mwendo wa haraka sana; jengo la ghorofa kumi na tano huchukua kama sekunde moja na nusu kwenda na kurudi. Mawimbi ya tetemeko yana mitetemo ya haraka na ya polepole iliyochanganyika. Ile ya haraka humalizwa na mwamba njiani, ile ya polepole hufika mbali. Kasulu tulipata mchanganyiko wote, kwa hiyo bati liligonga. Nairobi ilipata iliyobaki, ya polepole, nayo ikakutana na majengo yenye mwendo unaofanana nao. Wa chini hawakuhisi kitu kwa kuwa hakuna kilichowagonga kwa mwendo wao.

Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema, “Basi nyumba zetu zinaogopa tetemeko la karibu.”

Ndivyo ilivyo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9, dogo kuliko lile la 2005, lilipiga Bukoba kwa karibu, na watu zaidi ya kumi na watano wakapoteza maisha. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Tofali la kuchoma lililojengewa udongo ni zito, halipindi, na halina njia ya kuichosha nishati inayoingia isipokuwa kwa kupasuka. Mipasuko huanzia kwenye pembe za madirisha. Fundi jirani yangu, tangu lile la 2005, akawa mkali juu ya lenta. Mwenye nyumba akitaka kuokoa pesa kwa kuweka nondo juu ya madirisha tu, alimkatalia. Alitaka mkanda wa zege uzunguke nyumba nzima, ili kuta nne zitikisike kwa pamoja zisivutane. Wapo waliomtafuta fundi mwingine kwa sababu hiyo, naye hakubadilika.

Mafunzo hayo ya mitetemo niliyaona hata katika mambo ya watu. Nilipokuwa Kibondo tulikuwa na tatizo la utoro ambalo tulilishughulikia kwa adhabu. Kila mvua za mwanzo zilipoanza, mwezi wa Oktoba, madarasa yalipungua. Tuliandika majina, tukaita wazazi, tukatoza faini, na mwaka uliofuata majina yaleyale yakarudi. Mwendo wa pale ulikuwa wa kupanda na kuvuna, na ulikuwepo kabla ya ratiba yetu. Tulipokubaliana na wazazi kuhamisha majaribio makubwa yasiangukie majuma ya kupanda, na kurudia vipindi muhimu baada yake, utoro haukwisha, lakini uliacha kuwa vita. Hatukuongeza nguvu. Tulibadilisha wakati wa kusukuma.

La greda nililiona kwenye uhusiano wa wenyeji na wakimbizi. Wizi ukitokea kijijini, tuhuma ilitua kambini, iwe kweli au uongo, na iliyofuata ilitua palepale kwa kuwa mahali pameshachimbika. Mkutano wa kijiji uliitishwa, maneno mazuri yakasemwa, mambo yakasawazishwa. Haukupita muda yakaota tena, kwa kuwa kuni zilikuwa zilezile zinazogombaniwa, na mipaka ya mashamba ilikuwa ileile. Mikutano iliyosaidia ni ile iliyoanza na kuni na kumaliza na kuni: nani akate wapi, na siku gani. Maneno mazuri yaliyotangulia bila hayo yalikuwa kazi ya greda.

Na kwa mwanafunzi aliyekasirika, au mwalimu mwenzangu aliyekuja ofisini akitetemeka kwa hasira, nilijaribu kuwa maji badala ya mkono. Kumshika mtu wa namna hiyo kwa hoja ni kumsukuma. Kumsikiliza mpaka achoke ni polepole, lakini hufika.

Siku hizi lami imeingia nyanda hizo. Vipande vya Kidahwe hadi Kasulu na Nyakanazi hadi Kabingo vilitangulia, na kwa kile kirefu cha Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, chenye kilomita 260, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha mwaka 2018. Lami haikuja na greda kubwa zaidi. Ilikuja na uso ambao gurudumu haliwezi kuuchimba, yaani iliiondoa sababu. Na kwenye barabara kuu za nchi yetu, penye shule na makazi, wahandisi huweka rasta juu ya lami hiyohiyo, yaani mistari iliyoinuliwa ya kuleta mitetemo ya makusudi, ili dereva aliyelewa mwendo azinduke kabla hajafika watoto wanapovukia. Wamechagua nafasi kati ya mstari na mstari, kimo chake na mahali pake. Tulichokilaani kwa miaka kwenye vumbi kinaokoa maisha kikipimwa. Mwalimu wa fizikia akitaka kuanza mada ya mitetemo leo, nashauri awatoe wanafunzi nje wakaanze na rasta hizo, kwa tepu ya kupimia na saa, kisha ndipo warudi kwenye fomula.